Mashine Haina Mdomo

Wenzangu wa ofisi ya mifugo, siku ya kuniaga mlinipa nafasi ya kusema machache, nami nikasema machache mno, kwa sababu nyama ilikuwa tayari na mbuzi wa kuchoma hangoji hotuba. Neema alinilalamikia baadaye. Alisema mtu aliyekaa ofisini miaka yote ile hawezi kuondoka kwa sentensi nne. Basi nimekaa nyumbani hapa Buger, meza ninayo, kalamu ninayo, na mke wangu ameshaanza kuchoka kuniona mchana kutwa. Naandika.

Habari za vyeo nitaziacha. Vingine vilikuja, vingine vilipotea njiani, na mwenye haja navyo atavikuta kwenye faili. Nitaandika miaka ya mwanzo tu, kuanzia 1959, maana ndiko liliko jibu la swali mnaloniuliza tangu kompyuta ilipoletwa ikawekwa juu ya meza iliyokuwa yangu. Mnaniuliza kama inanitisha. Neema, binti aliyekabidhiwa kuisimamia, ananiambia hiki tulicho nacho ni kitoto. Zinakuja mashine zitakazofikiri, anasema, zitakazoamua ng'ombe gani achanjwe na mgonjwa gani alazwe, na zitakazozungumza na watu kwa lugha zao. Mimi habari hizo nilizisikia mara ya kwanza mgahawani Karatu, kabla mama yake Neema hajaolewa. Kwa hiyo sikushtuka sana. Lakini katika orodha yetu ya wafugaji kuna mstari mmoja ambao ni lazima niwaeleze, na siwezi kuueleza bila kuanza mwanzo.

Nilianza kazi nikiwa na darasa la nane, shati moja la kaki na mwandiko mzuri. Mwandiko ndio ulionipa ukarani. Ofisi yetu ya Karatu ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, kabati la chuma, na kitabu kikubwa cha jalada jeusi kilichokuwa na majina ya wenye ng'ombe wote kutoka hapa hadi Piyaya na Engaresero. Asubuhi za baridi wino ulikuwa mzito, ikabidi chupa niitie mfukoni kwanza ipate joto la mwili. Suruali zangu zote za miaka ile zilikuwa na doa la buluu mahali pale pale.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa Mzee Hamisi, Mrangi wa Kondoa, mhudumu wa mifugo. Alikuwa mfupi, mpole, na Kimasai alikisema vizuri kuliko vijana wengi wa Kimasai. Siku yangu ya kwanza nje ya ofisi tulikwenda boma moja upande wa pili wa kreta ya Ngorongoro. Ng'ombe walikuwa wanatoka. Mimi, kwa bidii ya kijana aliyeajiriwa jana, nikasimama langoni nikawanyooshea kidole, nikahesabu kwa sauti: mmoja, wawili, watatu. Nilifika kumi na saba. Mwenye boma akainua fimbo, akawarudisha ng'ombe wote ndani, akafunga lango kwa miiba, akaketi akiwa ametupa mgongo.

Mzee Hamisi alikaa naye mpaka jua likapanda. Waligawana ugoro. Hatimaye tukasamehewa, tukapewa na maziwa, lakini kazi siku ile haikufanyika. Njiani akaniuliza, "Ulikuwa unawaita fisi?"

"Nilikuwa nahesabu, Mzee."

"Ndiyo hiyo hiyo."

Akanifundisha. Mwenye ng'ombe hahesabu, maana kuwahesabu ni kuwaitia balaa. Anawatazama wakiingia jioni na anajua nani hayupo. Wewe karani tazama rangi, uliza habari za madoadoa na wenye pembe zilizopinda, muulize mama mwenye nyumba wangapi wanakamuliwa, kisha hesabu yako ifanye kichwani, na kitabu kifungue mkiwa mmeshaondoka. Nilidhani ni ushirikina. Baadaye niligundua kwamba hesabu zake zilikuwa sahihi kuliko za wenzetu waliokuwa wakinyoosha vidole, kwa sababu yeye hakuna aliyemficha ng'ombe.

Na kitabu chake kilikuwa na jambo jingine. Katikati ya ukurasa kulikuwa na safu kama za kitabu chochote cha serikali. Lakini pembeni, kwenye pambizo, Mzee Hamisi alikuwa akiandika kwa penseli nyekundu. Huyu ana mke wa pili Engaresero, nusu ya ng'ombe wako kule. Huyu usimwulize habari za mwanawe. Huyu anasikia kwa sikio la kushoto. Na mahali pengi kulikuwa na maneno haya: amebadilishwa jina, la zamani lisitajwe.

Hilo la mwisho lilinichukua muda kulielewa, maana sisi Wambulu hatuna mambo hayo. Kwa Wamasai, mtu akifa jina lake halitajwi tena na jamaa zake. Na kama ndugu wa karibu alikuwa akiitwa jina lile lile, hupewa jina jipya, la zamani likaachwa. Mzee Hamisi aliandika jina la zamani kwa herufi ndogo pembeni ili ajue mtu ni yule yule, lakini sijawahi kumsikia akilitamka, hata tukiwa wawili ofisini na mlango umefungwa.

Miaka michache baada ya Uhuru tukaletewa bwana mifugo mpya, Bwana Elisante, kijana wa Marangu aliyesoma hadi ng'ambo. Alivaa soksi nyeupe katika vumbi la Karatu, na kwa wiki ya kwanza sisi makarani tulikuwa tunaweka dau zitakuwa rangi gani ikifika jioni. Lakini mtu huyo aliipenda kazi, hilo nalisema wazi. Wakati ule homa ya mapafu ilikuwa inaua ng'ombe vibaya. Yeye ndiye aliyetuletea utaratibu wa kuchanja mara mbili, kwa sindano kwenye ncha ya mkia, na ndiye aliyetuletea fomu.

Fomu zilikuwa zinakwenda Dar es Salaam. Huko wasichana walitoboa kadi, kila fomu kadi yake, na mashine ikasoma matundu yale kama kipofu anavyosoma kwa vidole. Ikishasoma inapanga, inajumlisha, inalinganisha, kisha inatoa orodha kwenye karatasi pana, majina yote kwa herufi kubwa. Kazi ya mwezi mzima ya karani ilikuwa inafanywa kabla ya chakula cha mchana. Bwana Elisante alitueleza hayo mgahawani kwa furaha, chai ikipoa mbele yake.

"Na huu ni mwanzo tu," alisema. "Wenzetu huko wanatengeneza mashine zenye akili. Siku moja mashine itamtibu ng'ombe, itaamua kesi, itafikiri kuliko mimi na wewe."

Mzee Hamisi alimaliza andazi lake kwanza. "Ina pambizo?"

"Nini, Mzee?"

"Hiyo mashine. Pembeni kuna mahali pa kuandika?"

"Haihitaji pambizo, Mzee wangu. Kila kitu kina safu yake."

"Haya," akasema Mzee Hamisi. Kwa waliomjua, neno hilo halikuwa la kukubali. Mwaka ule ule alistaafu akarudi Kondoa, na kitabu cha jalada jeusi kikafungiwa kabatini kwa sababu kilikuwa kimepitwa na wakati. Ufunguo nilikaa nao mimi.

Duru ya kwanza ya chanjo tulikwenda Piyaya. Tulipitisha ng'ombe kwenye uchochoro wa miti, tukachanja, nikajaza fomu juu ya boneti ya gari. Mmoja wa wenye ng'ombe alikuwa mtu mrefu wa makamo, mcheshi, aliyenitania kwamba Mmbulu amekuja kuwaona ng'ombe ambao babu zake walishindwa kuwaiba. Nikamjibu kwamba babu zangu walikuja wakakuta wamekonda. Tukawa marafiki. Nikaandika jina lake.

Miezi ilipita, tukarudi kwa duru ya pili. Mtu yule alikuwa amekonda na amenyolewa nywele. Nilipofungua mdomo kumsalimu kwa jina, mkewe, Nasieku, akaniwahi. "Sasa anaitwa Lekishon," akasema haraka. Wazee waliokuwa karibu wakatazama chini. Baba yake mdogo, waliyekuwa wakichangia jina, alikuwa amefariki. Nikasema pole. Nikaandika LEKISHON.

Nakumbuka vizuri kwamba niliitafuta pambizo. Fomu ilikuwa imechapishwa hadi ukingoni. Ningeweza kuandika nyuma, au kuambatisha kipande cha karatasi, au kumweleza Bwana Elisante jioni ile ile. Sikufanya. Nilijiambia kila mtu anajua. Na kweli kila mtu alijua: Piyaya nzima, na mimi. Aliyebaki ni mashine.

Kisha ukaja ukame. Nyanda za Piyaya zilibaki vumbi, na kama kawaida yao watu wakaanza kupandisha ng'ombe kwenye nyanda za juu za Ngorongoro, kwenye ukungu na maji. Lakini mwaka ule homa ya mapafu ilikuwa imezuka upande wa kaskazini, karantini ikatangazwa, na tukaweka kizuizi njiani kabla ya kupanda. Amri ilikuwa moja. Kundi lililochanjwa mara mbili lipite, lisilochanjwa mara mbili libaki. Na nani kachanjwa mara mbili, orodha ya mashine ndiyo itakayosema. Bwana Elisante alisimama hapo mwenyewe na karatasi yake pana, mimi pembeni yake nikiita majina.

Lekishon alifika siku ya tatu na mkewe na ng'ombe wao wote. Ng'ombe walikuwa wanatembea na vichwa chini. Nikatafuta kwenye orodha. LEKISHON, chanjo ya pili amepata, ya kwanza hakuna. Mistari mingi juu yake kulikuwa na jina la zamani: chanjo ya kwanza amepata, ya pili hakufika. Kwa mashine walikuwa watu wawili, kila mmoja amefanya nusu.

"Abaki," akasema Bwana Elisante.

"Bwana, huyu amechanjwa mara mbili. Nilikuwapo. Tazama mikia." Baadhi ya ng'ombe walikuwa wamepoteza ncha ya mkia, kama inavyotokea sindano ikiwa kali.

"Mkia unaniambia amechanjwa. Hauniambii mara ngapi." Aliongea bila ukali. "Karani, huko juu kuna ng'ombe wa watu wote. Nikimpitisha mmoja kwa huruma na kumbe ana ugonjwa, utafika mpaka Endulen. Nitawaambia nini?"

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Nikamvuta pembeni nikamweleza yote, jina la kwanza, kifo, jina la pili, na fomu isiyokuwa na pambizo.

"Nani aliyejaza fomu?"

"Mimi."

"Basi mashine haikukosea."

"Haikukosea. Iliambiwa ni watu wawili, ikaamini."

Akavua miwani akaifuta. Nilitegemea matusi, lakini yeye alikuwa mtu wa kutafuta ufumbuzi. "Hili ni jambo dogo. Mwite mbele ya mashahidi, ataje jina lake la kwanza, nitalilinganisha na la pili, nitaweka sahihi, apite. Dakika mbili."

Nikamwendea Lekishon nikamweleza kwa Kimasai. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hapana.

Nikamwambia atapoteza ng'ombe. Nikamwambia ni neno moja tu. Nasieku alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika shingo ya ndama aliyekuwa anatetemeka. Lekishon akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani aliyeuliza jambo la aibu bila kujua.

"Ng'ombe wakifa, nitatafuta wengine," akasema. "Yule nikimwita, akija, nitamwambia nini? Kwamba aliyekuwa anamtafuta ni mashine?"

Nilirudi na jibu hilo. Bwana Elisante akasema, "Lakini wewe si Mmasai. Litaje wewe."

Nitasema ukweli hapa, maana nimeshastaafu. Nilikuwa tayari. Kwetu jina la marehemu halina mwiko huo, na ng'ombe walikuwa wanalala chini mmoja mmoja, na kosa lilikuwa langu. Nilifungua mdomo. Nikamwona Nasieku amegeuza uso na kuziba masikio kwa viganja, mama mtu mzima, kama anayengoja kipigo. Nikaufunga.

Ndama wake alikufa mchana ule, hatua chache kutoka kizuizini. Hakuna aliyenilaumu. Ningependa wangenilaumu.

Asubuhi yake nikapata wazo, na sijui kwa nini lilichelewa hivyo kwa mtu aliyeajiriwa kwa sababu ya mwandiko. Nikachukua karatasi nyeupe. Nikaandika kwamba mtu mwenye jina hili na mtu mwenye jina hili ni mtu mmoja, nikaandika majina yote mawili, tarehe za chanjo zote mbili, nikatia sahihi yangu kama shahidi. Nikampa Bwana Elisante.

Sasa, mnawajua watu waliosoma sana. Wakipewa karatasi midomo hucheza. Alianza kusoma, na Lekishon alikuwa amesimama hapo hapo, na nikaona kabisa kwamba jina linakuja. Sikufikiri. Nilimziba mdomo bosi wangu kwa kiganja changu, mbele ya watu na mbele ya ng'ombe.

Nilihesabu kwamba kazi yangu imekwisha, na nikaanza kufikiria kilimo cha ngano. Bwana Elisante akaushika mkono wangu akautoa taratibu.

"Nilikuwa nalisema, eh?"

"Ulikuwa unalisema, bwana."

Akaikunja karatasi ile mara mbili, akanirudishia. "Anatakiwa akubali mwenyewe. Atie dole gumba."

Nikaiweka juu ya boneti nikafungua kopo la wino. Lekishon hakujua kusoma. Aliinama akaitazama karatasi kwa muda mrefu, kama anatafuta alama ya ng'ombe.

"Umeandika nini hapa, Karani?"

"Nimeandika unachokijua. Na mimi siwezi kukisema."

"Karatasi hii inasema?"

"Haisemi mpaka mtu aisome."

"Nani ataisoma?"

"Mashine. Dar es Salaam."

Akafikiri. "Mashine ina mdomo?"

"Haina," nikasema. "Mashine haina mdomo."

Hapo ndipo alipotia kidole. Bwana Elisante akaweka sahihi, mti wa kizuizi ukanyanyuliwa, na ng'ombe waliobaki wakapita. Nasieku alipita wa mwisho. Hakunishukuru, na hakuwa na sababu ya kunishukuru, lakini alisimama akanisalimu kwa heshima ya mtu anayemjua, nami nikajibu. Baada ya hapo nilikwenda nyuma ya gari nikalia kidogo. Dereva alidhani ni vumbi.

Bwana Elisante aliandika barua Dar kuomba fomu iongezwe safu ya maelezo. Wakatukubalia herufi kumi na mbili. Mzee Hamisi alikuwa na pambizo nzima. Lakini zilitosha kwa kazi moja: tangu mwaka ule orodha ilipokuja, baada ya jina LEKISHON lilifuata neno ZAMANI, kisha kwenye mstari wa chini yake, kwa herufi kubwa nyeusi, jina lile.

Na orodha husomwa hadharani. Mnajua wenyewe, siku ya chanjo, siku ya josho, karani anasimama anaita majina na watu wamekaa wote. Basi kazi yangu ambayo haikuandikwa kwenye barua yoyote ya ajira ilianza hapo. Kila orodha ilipofika niliisoma kwanza peke yangu, nikautafuta mstari ule, nikaukumbuka ulipo. Nikifika LEKISHON nasema Lekishon, navuta pumzi, naruka, naendelea na anayefuata. Mwanzoni yeye alikuwa akinitazama nikivuta pumzi. Baadaye aliacha, akawa anaendelea na ugoro wake.

Mara moja niliugua malaria, na orodha ya Piyaya akapewa karani mgeni aliyekuwa na sauti nzuri, ya kuimba kanisani. Nilipanda nyuma ya lori la mahindi na homa yangu, nikafika nikiwa nimejifunika blanketi, nikamnyang'anya karatasi. Alidhani nimechanganyikiwa. Nilisoma majina yote nikitetemeka, nikaruka nilipopaswa kuruka, kisha nikazimia. Wale mnaosema nilipenda sana kusoma orodha mwenyewe, na kwamba nilikuwa najiona, sababu mmeipata.

Ndiyo maana mkiniuliza kama mashine zenye akili zinanitisha, nashindwa kujibu upesi. Mashine ile ilitusaidia. Homa ya mapafu tuliidhibiti kwa orodha zake, na kwa penseli nyekundu peke yake tusingeweza. Haikuwa na ubaya wala wema. Hofu yangu ilikuwa kwetu sisi, jinsi tulivyosimama kizuizini tukiamini karatasi huku ng'ombe wako mbele ya macho. Siku ile ilikuwapo boneti ya gari, alikuwapo bosi mwenye mamlaka ya kunyanyua mti na moyo wa kusikiliza, na mtu wa kuulizwa "nani aliyejaza fomu?" akajibu "mimi." Hizo mashine zenu zitakapoanza kuamua zenyewe, msikubali kizuizi kibaki bila mtu wa namna hiyo. Na fomu zijazeni kana kwamba anayezisoma hajui chochote, kwa sababu hajui.

Neema ameingiza orodha yote ya zamani kwenye kompyuta. Alipofika mstari ule aliniita. "Mzee, huyu wa pili ni nani? Hana ng'ombe, hana chanjo, lakini yupo kila mwaka." Nikamweleza, kwa ufupi kuliko hapa. Akasema atalifuta, ni kugusa tu. Nikamwambia akilifuta, Lekishon atakuwa watu wawili tena, na ng'ombe wa wanawe na wajukuu wake hawatakuwa na asili. Liache. Lakini ujue. Mtaona kwamba katika karatasi zote hizi sijaliandika.

Na Lekishon mwenyewe alikuja kuniaga. Ni yule mzee aliyekaa mwisho wa benchi, mwenye masikio marefu, ambaye baadhi yenu mlidhani amefuata nyama. Alitoka Piyaya kwa lori, na kipande cha njia kwa miguu. Nasieku hakuweza tena safari, alimpa kibuyu cha maziwa aniletee. Tulikaa pamoja. Alinitania kwamba Mmbulu hatimaye amechoka kuwatazama ng'ombe wa watu. Kisha akaonyesha kwa fimbo dirisha la ofisi, ilipo kompyuta, na Neema alikuwa amesimama karibu nasi na sahani mkononi.

"Karani, ile mashine. Bado haina mdomo?"

Neema anajua kile mnachokijua ninyi nyote, kwamba mdomo unakuja, labda kabla ya mimi kufa na labda kabla ya yeye Lekishon. Ndiye aliyeniambia. Niliona ameshasikia swali, na niliona anavuta pumzi.

"Bado," nikamjibu mzee mwenzangu.

Neema alimtazama, akanitazama mimi, akanyamaza. Akamwongezea nyama. Nadhani ameshaanza kuijua kazi.